Fisi Alivyolipwa Ahsante

Paukwa!
Pakawa!
Mtoto halali?
Mwimbie!
Mama naye halali?
Ana deni!

Huuu-wiii! Huuu-wiii! Usiku wa manane Fisi alipita mlango kwa mlango, anacheka. Digidigi akamkumbatia mwanawe, moyo puku puku puku, maana alijua anachekwa yeye: kesho anaanza kazi, na kesho anaanza kulipa.

Alikuwa amesomea ustawi wa jamii, ile kazi ya kubembeleza yatima na kupatanisha waliogombana, katika chuo cha Fisi. Ee, chuo! Geti refu kumpita twiga, vigae vinang'aa mpaka unajiona meno! Alipokiona akasahau kuuliza bei. Wakala kiapo cha mate, ptu, ptu, kile ambacho mwenye kukivunja huvimba tumbo: "Cha kwanza nitakacholipwa kila siku ni chako, Mkuu, mpaka mwenyewe uniachilie. Nikikosa, mchukue mwanangu."

Kulipokucha akaenda kazini, mtoto mgongoni. Akamkuta Kanga, aliyesoma kwa Kobe, chuo cha nyasi, hata geti hakina.

"Shoga, wewe walipwa nini?"

"Kibaba cha mtama."

"Na mimi niliyesoma kwenye vigae?"

"Kibaba cha mtama. Yatima anajua vigae?"

"Na Kobe unampelekea nini?"

"Simpelekei kitu! Karo yake ilikuwa mafungu ya majani, nikamaliza kulipa. Mtama nala mwenyewe, ko ko ko."

Digidigi akapiga hesabu. Kazi ileile, kibaba kilekile, mmoja anakula, mwingine anabeba!

Siku nzima akabembeleza vifaranga wa kwale waliofiwa na mama yao. Jioni wakamwambia, "Ahsante, mama." Kisha bibi yao akampimia mtama. Digidigi akasimama, ti! Masikio juu. Kwanza amepewa nini? Kisha nini?

Akamshika Kanga bawa. "Shoga, nisindikize, naogopa."

Fisi alikuwa getini, mate yanamdondoka. "Umeleta? Au nimtwae huyu kinono wa mgongoni?"

Digidigi akasema harakaharaka, pumzi moja: "Cha kwanza nilicholipwa leo Mkuu nakupa chote sikubakiza hata punje: ahsante!"

Sasa, somo la kwanza la chuo kile ni adabu: ukishukuriwa, jibu "si kitu." Fisi alikuwa akiliimbisha darasani kila asubuhi. Ulimi ukamtangulia.

"Si kitu!"

"Haa!" Kanga akaruka, pa pa pa. "Nimesikia mimi! Deni si kitu! Mwenyewe kasema!"

"Ngoja, sikukusudia..." Kumbe kurudisha neno nako ni kuvunja kiapo: tumbo likaanza kunguruma, gurrr, likatuna kama ngoma. "Basi! Basi! Nimemwachilia!" Likanywea, fyuuu.

Digidigi akajitazama kwato, akamtazama mwanawe, akashangaa. Neno dogo vile limetoka kinywani mwake yeye?

Fisi akanong'ona, "Mama, nakusihi, wanafunzi wasisikie. Wote watakuja kunishukuru!"

"Simwambii mtu, Mkuu." Akamwambia mwanawe tu.

Hadithi yangu nimeifungia komeo hapo. Fundisho, wanangu: chuo kizuri hupimwa kwa geti. Msiwaulize kamwe waliomaliza wanakula nini wala wanabeba nini. Na haya niliyowaambia, naapa kama Digidigi: simwambii mtu mwingine.