Nani Alimbeba Sifuni?

Haya, kaeni mkao wa kusikiliza. Aliye na ubishi asiuache mlangoni, aingie nao, maana leo tutauhitaji.

Katika milima ya Upare, kwenye mashamba ya tangawizi, walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Nakundwa alikuwa na mgongo. Alilea wadogo zake sita kwa mbeleko, na mtoto aliyemlilia kila mtu alinyamaza akifungwa mgongoni kwake. Mbonea alikuwa na bega. Alishusha mbao kutoka msituni, bega moja na ubao, mkono wa pili na muwa, anatafuna. Bibi Elieshi, yeye mapaja. Msicheke! Kitoto kikipakatwa na bibi yule kilitulia tuli kama maji ya mtungini, na mwenyewe aliweza kukaa kutwa bila kusogeza hata kidole cha mguu.

Nakundwa alikuwa akimlea Sifuni, binti wa miaka sita aliyeachwa na marehemu dada yake. Punda hakuwa naye. Magunia ya tangawizi aliyashusha mwenyewe hadi barabarani, na mgongo, hata uwe na sifa vipi, ni nyama na mifupa tu.

Asubuhi moja shambani aliona gamba la nyoka kwenye ukuta wa mawe unaozuia udongo. Gamba jipya, bado laini. Akajisemea, "Nitamwambia mtoto asisogee huku." Kazi ikamshika, hakusema. Saa sita akakumbuka kuwa amesahau kisu kwenye mawe yale yale. Mgongo ulikuwa unawaka moto, na kuinuka akaona taabu.

"Sifuni, mwanangu, hebu kaniletee kisu pale ukutani."

Alipokuwa akisema hivyo, gamba lilimjia akilini. Lilimjia wazi kabisa, akalifukuza. Mtoto akakimbia, akakuta kisu kimeteleza katikati ya mawe, akapenyeza mkono, akapiga yowe.

Watu wa milimani wanajua kuwa aliyeumwa na nyoka hatembezwi. Kila hatua inaisukuma sumu, na mkono ulioumwa hautakiwi kutikisika. Hospitali nayo ilikuwa huko chini tambarare, mbali.

Nakundwa akaufunga mkono wa mtoto kwenye kijiti, akamweleka kwa kanga, akaanza kuteremka. Njia yenyewe ni ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe huipita kwa kufikiri. Alitembea saa mbili bila kupumzika, kwa mgongo ule ule ulioshindwa kwenda hatua ishirini kufuata kisu. Sifuni alipouliza, "Mamdogo, umechoka?" alijibu, "Sijachoka, mama." Machozi yalikuwa yanamtiririka, akashukuru kwamba aliyeelekwa mgongoni hauoni uso wa anayemweleka.

Akafika mtoni, akakuta maji yamejaa hadi kifuani. Kumvusha mtoto mgongoni hapo ni kumzamisha. Mbonea alikuwa ng'ambo, anavuta mbao zake kutoka majini. Alipowaona akaziachia, kazi ya wiki nzima ikaenda na mto, naye akavuka. Akampagaa Sifuni, yaani akamkalisha begani, juu ya maji, akarudi naye taratibu huku Nakundwa ameng'ang'ania mkanda wake kwa nyuma. Mtoto alifika ng'ambo mkavu hata kisigino.

Barabarani lori la tangawizi lilikuwa linapita. Bibi Elieshi, ambaye nyumba yake iko hapo kando, akasimama katikati ya njia na fimbo yake. Dereva akapiga honi.

"Nikanyage basi," Bibi akamwambia, "halafu ukajieleze kwa wajukuu zangu."

Wakapanda wote. Akaketi juu ya magunia, akampakata Sifuni, akaushika ule mkono kwa viganja viwili. Kwa saa tatu lori liliruka kwenye makorongo, ila mapaja ya Bibi hayakuruka. Walipofika, miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, ikabidi naye ashushwe kama gunia.

Sifuni alidungwa dawa, na baada ya siku nne alikuwa mzima. Daktari akawaambia wale watatu, "Mtoto huyu angetembea mlimani, au angezama mtoni, au angerushwarushwa njiani, mngerudi na maiti. Siwezi kusema nani alizidi mwenzake."

Sasa, hospitali ile ilikuwa na mradi wa wafadhili. Aliyembeba mgonjwa kutoka milimani hupewa punda, ili mgonjwa wa kesho apate cha kupanda. Mgonjwa mmoja, punda mmoja. Punda mwenyewe alikuwa amefungwa pale uani, anatafuna majani bila wasiwasi. Nesi akaja na fomu ya Kiingereza.

"Wanauliza nani alimbeba. Nafasi ni ya jina moja tu."

"Mimi nilimpagaa," Mbonea akasema.

"Na mimi nikampakata, mume wangu," Bibi akamtania, "na huyu Nakundwa alimweleka. Kumbeba tu hivi hivi, hakuna aliyembeba."

Nesi akacheka. "Bibi, kwa Kiingereza hayo yote ni *carry*. Mtoto mgongoni, gunia kichwani, mimba tumboni, hata ugonjwa ulio kwenye damu. Neno ni hilo hilo."

"Basi neno hilo lilitungwa na mtu aliyekuwa akibebewa."

Sifuni akadakia, "Andika mamdogo. Alinieleka mlima mzima na hakuchoka."

Kalamu ikashuka kuelekea karatasi. Nakundwa alimtazama punda kule uani. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Lakini neno lile "hakuchoka" lilimchoma kuliko tusi.

"Usiandike," akasema. "Asubuhi ile niliona gamba la nyoka kwenye mawe. Nilijua. Mgongo uliniuma, nikamtuma mtoto."

Bibi Elieshi akamgeukia, na utani ulikuwa umemtoka.

"Kumbe hukumweleka, Nakundwa. Ulikuwa unamrudisha ulikomtoa."

"Lakini Bibi," Mbonea akasema polepole, "bila mgongo ule, mimi ningempagaa nani, na wewe ungempakata nani? Na asingesema mwenyewe, nani angejua?"

Nesi kashika kalamu, anangoja. Na Sifuni, ambaye hayo ya wakubwa hayajamwingia, kainua mikono yake miwili: "Mamdogo, nieleke, twende nyumbani." Nakundwa kasimama wima, hathubutu kuinama.

Haya, wabishi wangu. Mstari ni mmoja na punda ni mmoja. Je, wewe ungeandika jina la nani? Na Nakundwa je, ungemwambia ainame?