Firigisi ya Jogoo wa Idi

Hapo zamani, watu walipokuwa bado wakigombania mambo ya maana kama firigisi, aliishi mwanamke aitwaye Semeni. Nyumba moja, yeye na mumewe Shomvi, mama mkwe wake Bi Kidawa, na wifi yake Mwaija. Mwenye akili keshaona balaa lilipo.

Asubuhi ya Idi kicheche aliingia uani akamnyakua jogoo wa sikukuu, naye ndiye jogoo pekee. Ikawa kufa na kupona. Bi Kidawa hakungoja fimbo. Alimng'ata yule mnyama mkia kwa meno machache aliyobakiwa nayo, na jino moja likabaki huko huko. Mwaija akaja na kucha alizozifuga na kuzipaka hina, akamparura mpaka zote zikakatika. Kicheche akakimbilia tundu la ua, jogoo mdomoni, akalikuta limezibwa. Shomvi alikuwa amekwama mle, makalio huku, kichwa huko. Mwenyewe alisema alikuwa akiziba njia. Wenye macho walisema alikuwa akikimbia. Kicheche akapanua mdomo amng'ate makalio, na jogoo akaponyoka.

Basi jogoo akachinjwa, akaungwa kwa nazi. Desturi ya kwao, firigisi ni ya mwenye nyumba, wala haikatwi vipande. Lakini siku hiyo desturi ilipata wapinzani.

Shomvi, aliyekuwa akila kwa kusimama, alisema, "Mke wangu, desturi unaijua. Na jogoo aliachiwa kwa sababu ya nyama yangu."

Bi Kidawa akasema, "Mwanangu Semeni, nisingemshika mkia, angekuwa keshafika porini. Lile lilikuwa jino langu la kutafunia. Firigisi nitaimumunya tu, lakini niimumunye mimi."

Mwaija akasema, "Wifi, wiki hii naletewa posa na mikono yangu ndiyo hii. Nani aliyemkurupusha kicheche hadi tunduni?"

Semeni akaiteka firigisi kwa upawa. Mumewe akinuna, hula kwa jirani. Mama mkwe akinuna, hali kabisa. Wifi akinuna, mtaa mzima hujua. Alitamani aimeze mwenyewe, yaishe.

Haya, upawa uko hewani na mchuzi unapoa. Nyie mlioshiba, msaidieni mwenzenu: je, nani alistahili firigisi, mwenye jino, mwenye kucha, au mwenye makalio?