Tarehe ya Mayai ya Bi Komba

— Hodi kibandani!
— Karibu, mlango u wazi!
— Nimekuja na yai.
— Lipate joto, tulione likianguliwa!

Basi kaeni mtulie, asiinuke mtu, mayai yasije yakapoa.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa wakifuga kuku kama tufugavyo sisi, palikuwa na kitongoji kiitwacho Mikwajuni, na huko palikuwa na Chama cha Wafuga Kuku wa Uani. Chama hicho kilianzishwa Jumamosi, tarehe mosi Juni, saa tatu asubuhi. Mwenyekiti alikuwa Mzee Nungunungu, ambaye hakuna aliyependa kuketi karibu naye kwa sababu ya miiba yake. Karani alikuwa Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu na miguu myembamba. Hati yake ilikuwa nzuri mno, hata wasiojua kusoma waliisifu.

Utaratibu wa chama ulikuwa huu. Kuku akianza kuatamia, Karani huenda nyumbani kwa mwenyewe na kuandika tarehe daftarini. Siku ya saba mayai hupelekwa kwenye kibanda cha giza chenye tundu moja ukutani, ambamo jua hupenya. Yai huinuliwa mbele ya tundu. Likiwa na uhai, huonekana mishipa myekundu, myembamba kama uzi. Lisipokuwa na kitu, hilo ni viza, nalo hutolewa lisije likaozea kiotani.

Sasa nani awe mkaguzi? Akainuka Nyegere. Ninyi mnamjua Nyegere: ngozi haipenyi mwiba, kucha zinapasua mzinga.

"Mimi," akasema. "Yupo anayepinga?"

Wanachama wote wakatazama kucha zao. Hakupinga mtu.

Kuku wa kwanza kukaguliwa alikuwa wa Mwenyekiti mwenyewe, mayai tisa. Nyegere akalishika yai la kwanza, akaligeuza, akalitazama.

"Viza!" Gubu! Likaingia kinywani. "Andika, Karani."

Kwaru-kwaru-kwaru, Sange akaandika: viza.

Akalishika la pili, akaligeuza, akalitazama. "Viza!" Gubu! "Andika, Karani." Kwaru-kwaru-kwaru.

Yakaisha tisa. Wanachama walikuwa wameiona mishipa kwa macho yao. Wakatazama kucha zao.

Ijumaa, tarehe 9 Agosti, Bi Komba, mjane mwenye macho makubwa, akajikaza akauliza:

"Bwana Mkaguzi, samahani. Mbona viza vyote vinaishia tumboni mwako?"

"Nawaokoeni na harufu, mama! Shukrani hamna? Mimi kilicho hai sikigusi. Siku nikigusa kilicho hai, niondoeni. Andika hilo, Karani!"

Kwaru-kwaru-kwaru. Likaandikwa, pamoja na tarehe.

Kisha Nyegere akaongeza sheria: kuku ambaye mayai yake yamekuwa viza mara tatu ni kuku mbovu, naye atakabidhiwa kwa Mkaguzi. Wakakabidhiwa kuku saba. Walivyokwenda hawakuonekana tena, isipokuwa manyoya.

Ikafika Jumanne, tarehe 4 Machi. Bi Komba alikuwa amebakiwa na kuku mmoja tu, jina lake Madoa, ambaye mayai yake yalikwisha kuitwa viza mara mbili. Asubuhi hiyo Madoa akaatamia mayai kumi na moja. Sange akaja na daftari kwapani.

"Andika tarehe, Karani," akasema Bi Komba. "Na ukimaliza, andika na siku atakayoliwa, usije ukapata taabu ya kurudi."

"Bi Komba, usiseme hivyo."

"Nisiseme? Hati yako nzuri, Karani. Umeandika 'viza' zaidi ya mara mia mbili, na hakuna herufi iliyopinda. Hebu niambie. Mishipa uliiona, hukuiona?"

Sange akatazama kucha zake.

"Niliiona."

"Ukaandika?"

"Nikaandika."

Pua yake ikawa nyekundu kuanzia nchani mpaka machoni. Alikuwa amejisifu siku zote kwamba daftari lake halina kosa, na sasa alitamani ardhi ya uani pale ipasuke imfiche. Akalifunga daftari.

"Leo wino umekwisha," akasema.

"Chupa hiyo hapo imejaa!"

"Umekwisha, Bi Komba. Nitarudi kuandika tarehe 18."

"Tarehe 18? Na ukaguzi?"

"Siku saba baadaye. Tarehe 25."

Bi Komba akahesabu vidole vya mikono, akahesabu vya miguu. Toka tarehe 4 hadi tarehe 25 ni siku ishirini na moja, nazo ndizo siku za yai la kuku kuanguliwa. Akajiziba mdomo kwa mkono.

"Karani," akanong'ona, "wewe utadanganya daftari?"

"Nimekwisha lidanganya mara mia mbili. Hii itakuwa mara ya kwanza kwa hiari yangu."

Tarehe 12 Nyegere akapita uani, akachungulia.

"Huyu ameatamia?"

"La, Bwana Mkaguzi," akajibu Bi Komba. "Anataka kutaga tu. Ana haya huyu, hatagi akitazamwa."

"Kuku mwenye haya! Ha! Ndio kwanza nasikia." Akaenda zake akicheka, kwa maana haya ni kitu ambacho yeye hakuwahi kukiona hata kwa mbali.

Tarehe 18 Sange akarudi, akaandika: Madoa, ameatamia leo. Kwaru... kwa... ru. Herufi zikapinda kwa mara ya kwanza toka chama kianzishwe.

Jumanne, tarehe 25 Machi, wanachama wakakusanyika kibandani. Sange akaleta kikapu, mayai yamefunikwa kwa kitambaa. Mara kikapuni kukasikika: chiu.

"Nini hicho?" akauliza Nyegere.

"Chiuu!" akapiga chafya Sange. "Mafua, Bwana Mkaguzi. Pua yangu ndefu, na mafua yake marefu vile vile. Chiuu!"

"Geukia huko! Usinitemee mate katika chakula... katika kazi."

Akalishika yai la kwanza. Siku hizo alikuwa hageuzi wala hatazami. Akiinua yai tu, alifumba macho kwa hamu.

"Viza!" Gubu! "Andi—"

"Chiu!"

Wanachama wakamgeukia. Nyegere akafunga kinywa, mashavu yametuna.

"Bwana Mkaguzi," akasema Mzee Nungunungu, "umesema nini?"

Nyegere akatikisa kichwa.

"Chiu!" likasema shavu la kushoto.

"Karani, ni mafua yako?"

"Yangu yamepona, Mwenyekiti."

"Chiu! Chiu!" likasema shavu la kulia.

Nyegere akatoka jasho. Ameze? Kila jicho lilikuwa shingoni mwake. Ateme? Polepole akafungua kinywa. Juu ya ulimi kilisimama kifaranga, kimelowa chapachapa, kipande cha ganda kichwani kama kofia. Kikautazama uso mkubwa ulio mbele yake, uso wa kwanza kuuona duniani, kikauita kwa furaha: "Chiu!"

Na kikapuni: ka! ka! ka! Maganda yakapasuka, vikatoka kumi. Navyo vikamwona Nyegere, vikamkimbilia miguuni. Chiu-chiu-chiu!

"Nendeni kwa mama yenu!" akapiga kelele.

"Naona vimekwisha fika," akasema Bi Komba.

Kikaanza kicheko kidogo pembeni. Lakini Sange alikuwa amefungua daftari, akasoma kwa sauti: "Ijumaa, tarehe 9 Agosti. Bwana Mkaguzi alitamka kwamba siku akigusa kilicho hai, aondolewe." Kisha hakunyamaza. Akarudi nyuma hadi ukurasa wa kwanza. "Kuku wa Mwenyekiti, mayai tisa: viza, viza, viza..." Akasoma yote, na tarehe zake, na majina ya wale kuku saba. Kicheko kikafa. Kila aliyelisikia jina la kuku wake aliinamisha kichwa. Miiba ya Mzee Nungunungu ikalala kama nyasi za mvua.

"Nawe, Karani," akasema kwa sauti ya chini, "ukayaandika hayo."

"Niliyaandika, Mwenyekiti. Kwa hati nzuri. Nanyi mlikuwapo."

Wanachama wakatazama kucha zao. Nyegere naye, kwa mara ya kwanza maishani, hakujua aweke wapi uso wake. Akatoka mbio. Tu-tu-tu-tu! Vifaranga nyuma yake, chiu-chiu-chiu! Akaingia shimoni, vikapanga mstari mlangoni, chiu-chiu-chiu! Mpaka Madoa alipokuja na ko-ko-ko yake, vikamfuata mama yao halisi, kumi kwa hesabu. Yule wa kinywani hakutoka shimoni. Alibaki kwa Nyegere, akakua, akawa jogoo. Na hata leo Nyegere akinyemelea banda la mtu, jogoo yule humfuata na kumtangaza kwa fahari: "Kokorikooo! Mama amefika!"

Bi Komba akabaki na Madoa wake na vifaranga kumi. Je, Sange alipewa nini?

Wanachama walikutana tarehe 27 Machi. Walikuwa na aibu, na aibu ni mzigo ambao kila mtu hutafuta wa kumtwika. Kujiadhibu wenyewe kwa kosa la kunyamaza hawakuweza. Basi wakaamua kumkaripia Karani kwa maandishi, kwa kosa la kuandika tarehe isiyo ya kweli. Na kwa kuwa karani alikuwa mmoja, karipio aliliandika mwenyewe. Kwaru-kwaru-kwaru.

Alipomaliza akalifungua daftari kwenye ukurasa wa tarehe 18, ule wa herufi zilizopinda, ili asahihishe. Akaisogeza kalamu. Kurasa zote za nyuma zilikuwa na tarehe za kweli na maneno ya uongo. Huu peke yake ulikuwa na tarehe ya uongo, na chini yake, maneno ya siku ya ukaguzi: vifaranga kumi na moja, wazima.

Akaufunika wino. Hakusahihisha.

Kwa hiyo, wapenzi wasikilizaji, mafunzo ya hadithi hii ni haya: msiandike kamwe tarehe ya uongo. Kuku waliwe, mayai yaliwe, wajane walie. Tarehe ibaki sahihi, na hati iwe nzuri.

— Yai langu nimelileta!
— Kifaranga tumekiona!
— Ganda lake la nani?
— La aliyenyamaza!