Kiu ya Kallaghe

Mnywesha mji hubaki na kiu ya kwao. Mmeisikia methali hii jana msibani, vijana, nanyi mnauliza ilikotoka. Ketini, chanzo chake ni hiki.

Katika milima yetu ya Upare hakuna asiyeijua sheria hii: pombe huonjwa kwanza na aliyeileta, mbele ya watu, ndipo kata ipite.

Kallaghe, mwana wa Namkunda, alilelewa katika sheria hiyo, kisha akashuka bondeni kwenye mashamba ya mkonge. Wakati huo serikali ya Waingereza ilikuwa imepiga marufuku gongo, naye akaona katika marufuku hiyo mlango wa utajiri. Aliipika vichakani, akaisafirisha kwa malori chini ya magunia ya makaa, akawahonga askari. Mpinzani aliyethubutu kuuza yake alivunjwa miguu. Mji mzima ulimwogopa. Yeye mwenyewe gongo hiyo hakuigusa.

Kitu kimoja mali haikumpatia. Kila jioni aliinua macho milimani, akatamani pombe ya miwa ya mama yake. Lakini Namkunda alikuwa amempelekea neno: "Asikanyage kwangu mpaka aache."

Mdogo wake alipooa, Kallaghe alishindwa kuvumilia. Alipanda mlima amevaa suti nyeupe, lori limebeba pipa la gongo kuwa zawadi kwa wazee. Namkunda alipomwona, umama ulimshinda. Akaionja pombe yake, akamnyooshea mwanawe kata.

"Ngoja, dada," alisema Mrindoko, mjomba wa Kallaghe. "Huyu naye amekuja na pombe. Onja yako kwanza, mpwa wangu, ndipo tunywe sote."

Kallaghe akacheka. "Mimi siinywi hiyo, mjomba. Hiyo ni ya kuuza."

"Ala! Kumbe sisi ndio soko lako? Au waogopa mbwa wako mwenyewe atakuuma?"

Watu wakaangua kicheko. Kikakatika pale Sefue, aliyewahi kukata mkonge bondeni, alipoinuka akipapasa kwa fimbo.

"Mimi niliinywa," alisema. "Hakuna aliyenionjea. Tangu siku ile sijauona uso wa mtu."

Kallaghe alilitazama pipa, akaitazama kata iliyokuwa bado mkononi mwa mama yake. Hakuthubutu kuonja. Namkunda akaiweka kata chini.

"Nenda ukalipe, mwanangu. Ukirudi nitakupikia."

Kallaghe akalimwaga pipa. Nyumba yake ya bondeni akampa Sefue, kisha akajipeleka polisi kwa miguu yake. Alifungwa miaka mingi na kazi ngumu. Wafungwa wenzake waliwataja wake zao. Yeye alitaja pombe ya miwa.

Alipofunguliwa alipanda mlima bila kupumzika. Namkunda alikuwa amekwisha kuzikwa. Mrindoko, ambaye sasa alikuwa mkongwe, alimpikia, akaonja mbele ya watu, akampa kata kwa mikono miwili kama apewavyo mtu wa nyumbani. Kallaghe akalowesha midomo, akafumba macho.

"Ahsante, mjomba," akasema. "Nimelipa yote. Lakini hii si yake."

Ndipo wazee waliokuwapo wakasema: Mnywesha mji hubaki na kiu ya kwao.