Ngozi ya Dume la Fainali

Sogeeni karibu. Mwenye haja ya kutoka atoke sasa, kwa sababu hadithi hii haisimuliwi kwa migongo ya watu.

Palikuwa na watu watatu katika Kambi Birika, kambi ya wakata mkonge, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Bukuru alikuwa na mikono. Si mikono ya kukata mkonge, maana katika kazi hiyo alikuwa wa kawaida tu, bali mikono ya kupiga. Mpe ngoma, mpe debe, mpe sufuria la mama yake, atakupigia mpaka mwenyewe umwombe aache. Wenzake wakichoka, yeye ndiyo kwanza anakunja mikono ya shati.

Sikudhani alikuwa na haraka. Msicheke, haraka nayo ni kipawa. Mwanamke huyo alibeba matita ya mkonge begani na kuyarusha juu ya trela bila kuomba msaada wa mtu, kisha akawa ameshaondoka. Harusini alikula pilau akaenda zake bibi harusi hajaingia. Mpirani ndiyo kabisa: hakuna aliyewahi kumwona Sikudhani uwanjani filimbi ya mwisho ikilia.

Mzee Shemndolwa alikuwa na ulimi. Mtu aliyekwisha kukaa ndani ya basi angeteremka kwa maneno yake, tena akashusha mzigo mwenyewe. Aliwahi kumrudisha kwa mumewe mwanamke aliyekwisha kufunga virago, na wiki iliyofuata akamshauri mume ndiye aondoke. Wote wawili walimshukuru.

Yupo na wa nne, naye ndiye mwenye taabu. Bi Nyamizi alikuwa mjane wa marehemu mwenye ngoma.

Kambi Birika wana desturi yao. Timu yao ina ngoma moja kubwa, na anayeishika huitwa mwenye ngoma. Timu ikicheza, shabiki haondoki uwanjani mpaka mwenye ngoma aiinue na kujitwika kichwani. Hiyo ndiyo ruhusa. Na timu ikishinda dume la ng'ombe, ambalo ndilo zawadi ya kombe, nyama huliwa na kambi nzima, lakini ngozi huwambwa kwenye ngoma hiyo. Mwenye ngoma akiwa hayupo tena, anayeitunza ngoma humpa mmoja kisu, na huyo akikata ukanda wa kwanza wa ngozi ndiye mwenye ngoma mpya. Mume wa Bi Nyamizi aliishika ngoma tangu nywele zake nyeusi mpaka zikaisha. Alipokufa, ngoma ikasukumwa uvunguni mwa kitanda cha mjane, na ruhusa ikafa naye. Kila mtu akawa mwenye ngoma wa miguu yake mwenyewe.

Basi timu ikifungwa bao moja, watu wanaangalia saa. Likiingia la pili, mmoja anakumbuka mbuzi hajafungwa, mwingine anawahi pikipiki kabla nauli haijapanda, mwingine hataki kuwapo wapinzani wakianza kuzomea. Filimbi ikilia, wamebaki wachezaji, refa, na wauza karanga.

Siku chache kabla ya fainali, nahodha wa timu, kijana aitwaye Mbelwa, alibisha hodi kwa Bi Nyamizi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja na sura ya mtu aliyevunja chungu. Sema."

"Stendi wametuita. Mimi na wenzangu wanne. Wanataka tuchezee kwao msimu ujao."

Stendi ndio hao hao waliokuwa wacheze nao fainali. Na timu ya Birika ukiwaondoa watano hao, unabaki na kipa na waliokuja kumsalimia.

"Mmekubali?"

"Bado, Bibi. Lakini tukifungwa, tukigeuka kutazama watu wetu tunaona migongo. Mtu anachoka kuichezea migongo. Wakituacha tena siku ya fainali, tunakwenda."

Bi Nyamizi hakumbembeleza. Aliona kijana anasema kweli, na yeye kubembeleza ukweli hakuweza. Alimwambia avute ngoma uvunguni, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga. Ngozi ilikuwa imechanika upande mmoja.

Siku ya fainali akapelekwa kwa pikipiki, akakalishwa kwenye kigoda kando ya mstari, ngoma miguuni. Hakumwita mtu kuipiga. Alisema moyoni, anayeitaka ataiomba. Hakuna aliyeiomba.

Uwanja wa pale umezungukwa na mkonge pande tatu. Mpira wa akiba ulichomwa na mwiba kabla ya mapumziko, kama mipira yote ya pale inavyoishia, wakabaki na mmoja. Dume lilikuwa limefungwa kwenye kigingi nyuma ya meza ya waandaaji, linatafuna, halina habari.

Stendi wakafunga la kwanza. Watu wa Birika wakaangalia saa. Kipindi cha pili, mwanga ukianza kupungua, Stendi wakafunga la pili, na huo ukawa mwisho wa subira. Sikudhani alikuwa wa kwanza kwa miguu, akashika njia ya bondeni, kikapu mkononi. Mzee Shemndolwa alikuwa wa kwanza kwa pikipiki. Bi Nyamizi alimwona ameshika kofia isipeperuke. Wengine wakafuata kama maji yaliyofunguliwa bomba. Upande wa Birika ukabaki na nyasi zilizolala.

Sasa sikilizeni aliyoyafanya kila mmoja.

Bukuru alirudi kutoka njiani, akasimama mbele ya kigoda. "Bibi, naomba ngoma."

"Imechanika."

"Nitapiga palipo pazima."

"Ipige. Ikipasuka, ipasuke."

Akaipiga. Hakupiga mdundo wa mpira, alipiga ule unaoiamsha kambi alfajiri, ambao kila mtoto wa Birika ameuchukia tangu kuzaliwa, na ambao hakuna anayeweza kuusikia akaendelea kulala. Mbelwa alikuwa ameinama, na baadaye alikiri kwamba alikuwa ameanza kulegeza kamba za viatu. Akageuka akitarajia migongo, akaona uso mmoja. Akakaza kamba. Haukupita muda Birika wakapata bao. Mbili kwa moja.

Sikudhani alikuwa amefika mbali, kwenye njia inayoshuka mtoni. Huku nyuma beki wa Stendi, mtu mzima mwenye akili zake, aliupiga mpira kwa makusudi juu ya mkonge ili upotelee bondeni. Refa akatazama saa, akatazama mbingu, akasema, "Usipopatikana sasa hivi, namaliza." Walioukimbilia wakakwama kwenye miba. Sikudhani aliuona ukiteremka kuelekea majini. Akatupa kikapu, akakimbia, akauzuia kwa mguu ukingoni kabisa. Kisha akauinua, akaurusha kama anavyorusha tita juu ya trela, ukapita juu ya mkonge wote na kuangukia karibu na mstari. Akaokota kikapu chake, akaenda zake nyumbani. Mpira ukarushwa ndani, Mbelwa akaukuta kwa kichwa. Mbili kwa mbili, na filimbi ikalia.

Ikawa penalti. Lakini giza lilikuwa limeshaingia, kipa haoni hata vidole vyake. Kanuni ya kombe lile ilisema penalti zikishindikana, dume linakwenda kwa waliotangulia kufunga. Hao ni Stendi, na tayari mmoja wao alikuwa anahangaika na fundo la kamba ya dume.

Mzee Shemndolwa alikuwa njia panda, amekaa kwenye banda la chai. Alisikia ngoma haijanyamaza. Alisikia kelele ya bao, halafu nyingine. Akaacha chai, akasimama katikati ya barabara na kutanua mikono, na kila pikipiki iliyokuja ikijikokota kwa wingi wa watu wa Birika ikasimama.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, mzee."

"Kufanya nini? Mkeo anakuona kila siku, leo mpe nafasi apumzike. Geuza."

"Mzee, tumeshafungwa."

"Aliyefungwa hapigiwi ngoma namna ile. Sikiliza mwenyewe. Au masikio nayo umeyaacha uwanjani?"

Wakageuza. Wakaja msafara mzima, taa zinawaka, wakapanga pikipiki pande mbili za goli mpaka ukaweza kuhesabu nyuzi za wavu. Refa akautenga mpira. Penalti zikapigwa. Kipa wa Birika akadaka ya mwisho, na Bukuru akapiga pigo moja lililoipasua ngoma kutoka ukingo hadi ukingo.

Dume likawa la Birika.

Asubuhi likachinjwa mbele ya nyumba ya Bi Nyamizi. Masufuria yakawa jikoni, ngozi ikatandazwa chini ikiwa bado mbichi, na Bi Nyamizi akakaa karibu nayo na kisu mapajani. Ngozi ya ngoma huwambwa ikiwa mbichi. Ikishakauka unaitandika kitandani tu. Na jua lilikuwa linapanda.

Mbelwa na wenzake wanne walikuja wakasimama pamoja.

"Bibi, Stendi wanataka jibu leo," alisema Mbelwa. "Jana tuliona mambo mawili. Tuliona migongo, na tuliona watu wamerudi. Hatujui ni lipi la kuamini. Tunangoja tuone ngoma unampa nani, ndipo tutajua nyinyi ni watu gani."

Bukuru akasogea. "Mimi nilibaki. Sina neno jingine."

Sikudhani akacheka. "Ulibaki? Nilipogeuka nikishuka bondeni nilikuona barabarani unazipungia pikipiki mkono. Zilikuwa zimejaa."

Watu wakamtazama Bukuru. Hakubisha. "Nilizipungia, kweli. Nilipozikosa ningeweza kukaa chini nikalia. Nilikwenda kuomba ngoma. Na wewe dada, ushindi ulikukuta wapi?"

"Jikoni, nasonga ugali."

"Ngoma apewe ambaye ushindi aliusikia akiwa na mwiko mkononi?"

"Ningekaa pale nawe, mpira ungekuwa baharini saa hizi. Nyote mliokuwa uwanjani mliutazama ukienda. Nani alikuwa bondeni? Mimi. Na kwa nini nilikuwa bondeni? Kwa sababu niliondoka. Leo mnataka kuninyima kwa kosa hilo hilo lililowapa nyama."

Mzee Shemndolwa akakohoa kwa heshima zote. "Watoto hawa wanasahau kazi ya mwenye ngoma. Kupiga hata mvua inapiga. Mwenye ngoma kazi yake ni kuwashikilia watu wasiondoke. Nani jana aliwashika watu?"

"Mtani," Bi Nyamizi akamkata, "wewe uliondoka na pikipiki ya kwanza."

"Ndiyo maana nilifika njia panda kabla yao. Ningechelewa kuondoka, ningewazuia vipi?"

Watu wakacheka, lakini Bi Nyamizi hakucheka. Alikuwa anaipima kauli hiyo na kuiona haina tundu, na hilo ndilo lililomuudhi.

Alikaa akawaza. Akimpa Bukuru, ataifundisha kambi kwamba kubaki kuna heshima yake. Lakini kila mtu ameshajua kuwa Bukuru alibaki kwa kukosa usafiri, na kwamba bila walioondoka angekuwa amepigia ngoma mazishi. Akimpa Sikudhani, ametoa haki kwa mkono uliookoa mpira. Ila mechi ijayo, bao la kwanza likiingia, nusu ya kambi itateremka bondeni na kusema inakwenda kusubiri mpira. Akimpa Shemndolwa, ngoma itapata mtu anayeweza kweli kuwashikilia watu. Lakini vijana watano wale walimwona akiondoka, ameshikilia kofia, wakati wao wamefungwa mawili. Mtu anayerudi akisikia mambo yamegeuka, je, atarudi siku ambayo hayakugeuka?

Na kila alipomwondoa mmoja, dume nalo liliondoka. Bila ngoma, hakuna bao la kwanza. Bila mpira, hakuna la pili. Bila taa, Stendi wamefungua kamba na kwenda zao.

"Bibi," jirani mmoja akasema kwa upole, "si uikate mara tatu, kila mtu apate chake?"

"Ngozi ukiikata mara tatu unapata ndara," alijibu Bi Nyamizi. "Wewe uliona wapi watu wakicheza ndara?"

Jirani akarudi kwenye sufuria lake.

Bi Nyamizi akaibonyeza ngozi kwa kidole. Katikati ilikuwa laini bado, lakini kingo zilikuwa zimeanza kukakamaa. Bukuru alikuwa ametazama chini. Sikudhani alikuwa amesimama, maana kukaa hawezi, ila safari hii hakwenda popote. Mzee Shemndolwa alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili. Mbelwa na wenzake walikuwa wanautazama mkono wenye kisu.

Akakigeuza kisu, akakishika upande wa makali, mpini ukaelekea kwa wale watatu. Anayeupokea ndiye.

Je, ungekuwa wewe Bi Nyamizi, mpini huo ungemwelekezea nani? Sema. Na ukishamtaja mmoja, wageukie wale wawili uwaeleze, mbele ya vijana watano wale, kwa nini si wao.