Wazee Watano na Maji ya Siku ya Kwanza

Hapo zamani, enzi za wazee wakaidi kuliko hawa tulionao, palikuwa na kijiji cha milimani kilichotegemea ndiva moja, yaani bwawa la kukinga maji ya kijito. Ndiva hiyo ilikuwa ya koo tano. Kiangazi kikiingia, lango lake halifunguliwi mpaka wazee watano wa koo hizo wakae duara na kuzungusha kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa, kutoka mkono hadi mkono. Anayekupa kibuyu ndiye anayekupa baraka.

Sasa mwaka huo wazee walikuwa wamenuniana. Huyu hataki baraka ya yule, yule anasema ya huyu ina kijicho. Wakabishana weee, mwishowe wakaapa: watakaa kwa kila mpangilio unaowezekana, mmoja kwa siku, ili asiwepo wa kusema kaonewa. Mipangilio ikiisha, lango lifunguliwe. Wakahesabu viti. Cha kwanza kina watu watano wa kukikalia, cha pili wanne, cha tatu watatu, cha nne wawili, cha mwisho mmoja. Wakazidisha, wakapata siku mia moja na ishirini. Wakaridhika kabisa, wakaagiza pombe.

Mpika pombe alikuwa Namkunda, mjane mwenye ulimi mwepesi na shamba moja la mahindi. Aliposikia miezi minne, akawaza shamba lake. Mahindi yale ndiyo chakula cha wanawe watatu, na yasingevuka mwezi mmoja bila maji.

Siku ya pili wazee wakahama, kila mmoja kiti kimoja kulia. Namkunda alimimina pombe huku macho yake yakiwa kwenye mikono yao.

"Mzee Kiure," akauliza, "jana ulipokea kibuyu kwa nani?"

"Kwa Senkondo," Kiure akajibu kwa uchungu.

"Na leo?"

"Kwa Senkondo huyo huyo."

"Na nyinyi wengine?"

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amepokea kwa yule yule wa jana.

"Basi mnisamehe, wazee wangu," Namkunda akasema, "leo mmehamisha makalio tu. Duara ni lile lile."

Wazee wakacheka mpaka wakakohoa, lakini hakuna aliyejua siku za bure ni ngapi. Namkunda naye hakujua. Aliyejua ni Mbonea, mfuga mbuzi, ambaye alikuwa amejisogeza pale kungojea masalio ya pombe. Akapanga maharage chini.

"Mmoja asibanduke," akasema. "Kulia kwake atakaa yeyote kati ya wanne. Kiti kinachofuata kina watatu wa kukigombea, kisha wawili, na wa mwisho hana la kuchagua. Nne mara tatu mara mbili. Siku ishirini na nne, basi."

Wakakubali. Ila nani asibanduke? Hakuna aliyetaka kukaa kama gogo huku wenzake wakihama. Ubishi huo ukala siku mbili nzima, na Namkunda akakosa usingizi kwa hofu.

"Nitakaa mimi," Kiure akasema siku ya tatu. "Mnaotaka kucheka, chekeni."

Wakacheka kweli. Mzee wa watu akakaa siku ishirini na nne, jua likimpiga usoni, watoto wakamwita Kisiki.

Siku ya mwisho ikafika, ndiva imejaa. Lakini maji ya ndiva iliyojaa hutosha shamba moja tu, na ndiva hujaa tena baada ya siku tatu. Wengi walipanda mihogo, wangeweza kungoja. Wenye mahindi walikuwa watatu tu: Namkunda, Mbonea na Kiure. Wazee wakaenda kushika majani. Yote yamejikunja sawasawa. Atakayesubiri siku tatu atavuna mabua.

"Apewe aliyetuokoa na zile siku tisini na sita," wakasema.

"Ni mimi," Namkunda akasema. "Nisingeona mikono yenu, hadi sasa mngekuwa mnazunguka. Na wanangu watakula nini?"

"Uliona, hukuhesabu," Mbonea akasema. "Bila maharage yangu mngejuaje pa kukomea? Mimi pia nina watoto, mama."

Kiure akajipangusa jasho. "Mmoja aliona, mmoja akahesabu, na bado tulikaa siku mbili bila kusogea popote. Hesabu ilihitaji mtu wa kuchekwa. Nani mwingine alijitoa?"

Wazee wakaanza kutafuta viti ili wakae kulijadili jambo hilo. Kijiji kizima kikawakataza.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mkinisikiliza na kutafuna karanga zangu: lango linafunguliwa, maji ni ya shamba moja, na majembe matatu yanangoja kwenye mfereji. Je, nani alistahili?