Mkunga Mwatime na Wazazi Watatu wa Mtoto Mmoja

Hapo zamani za kale, zamani hasa, kabla bibi yake bibi yako hajaota jino, kulikuwa na mtaa wa paka watupu nyuma ya soko la samaki. Msiniulize mwaka gani. Ningeujua mwaka ningekuwa mwalimu, na mwalimu gani anasimulia kama mimi? Kaeni vizuri. Wewe unayejikuna, jikune umalize kabisa, maana mimi nikianza sirudii.

Paka wa mtaa ule waliishi kama watu. Walikuwa na majiko, mikeka, na umbea usiokwisha. Tena walikuwa na desturi moja tamu: paka akizaa, mtaa mzima unamlisha siku arubaini. Hatoki, hawindi. Anakaa ndani na mtoto wake, na majirani wanapiga hodi. Huyu kaleta kichwa cha nguru, huyu bakuli la maziwa, huyu utumbo wa changu uliokaangwa ukakaukia.

Lakini chakula hakitoki hivi hivi. Lazima kwanza mkunga apande juu ya kinu kilichopinduliwa, atangaze: "Mtaa una mzazi, naye ni fulani!"

Na mkunga alikuwa nani? Panya!

Mnacheka? Haya, nitajieni mnyama anayejua kuzaa kuliko panya. Bi Mwatime alikuwa na watoto hamsini na tatu, na hapo alikuwa bado hajachoka. Mwili wake kama kokwa la embe, mdomo wake kama soko zima. Paka walikuwa wamekula kiapo kwamba mkunga haliwi. Akipita wengine walimeza mate, lakini mate tu.

Basi asubuhi moja, jua ndiyo kwanza linachungulia, Bi Mwatime alimzalisha Mize. Mize alikuwa paka mwembamba, mkia nusu, mtu asiyeitwa hata kwenye kusengenya. Akazaa mtoto mmoja mweupe pee, ana doa jeusi puani kama aliyechungulia chungu kikamlamba masizi. Bi Mwatime akamkanda mama kwa maji ya moto yenye majani ya mwarobaini, akamfunga tumbo kwa mkaja wa kitambaa chekundu, kisha akamtupia kanga juu.

"Lala, mwanangu. Nakwenda kutia kitu tumboni, halafu napanda kinu nikutangaze."

"Ahsante, mama mkunga."

Bi Mwatime akaenda kwake, akamega kipande cha muhogo. Hajakitafuna, mlangoni: gubu! gubu! gubu!

"We mkunga! Toka!"

Akachungulia. Lo! Paka wawili, wakubwa wa mtaa. Mmoja Bi Mashavu, mnene kama gunia la pamba. Wa pili Bi Kazija, mrefu, kucha zake kama ndoana. Bi Mashavu alikuwa amembana yule mtoto mweupe mdomoni, na Bi Kazija alikuwa amemkanyaga Bi Mashavu mkia asimtoroke. Nyuma yao Mize analia, amejifunga kanga yake, sikio moja linavuja damu. Masikini, alitoka kunywa maji tu, kurudi akakuta pakacha alimomlaza mtoto tupu.

Bi Mashavu akamweka mtoto chini, akamwekea mguu juu. "Mkunga, nimezaa. Panda kinu."

"Umezaa lini, bibi?"

"Leo. Tumbo hukuliona?"

Bi Mwatime akalitazama. Tumbo lilikuwa lile lile la mwaka juzi, linatangulia, mwenyewe anafuata.

"Muongo huyo!" akadakia Bi Kazija. "Mtoto ni wangu. Nimezaa mimi."

"Na lako, bibi, mbona sikuliona?"

"Nililificha! Mtaa huu una husuda, nilionyeshe ili iweje?"

"Mama mkunga, waambie!" Mize akapiga kelele. "Si wewe uliyemtoa kwa mikono yako..."

Pwaa! Bi Kazija akamzaba kofi. "Nyamaza, njiti wee! Hicho kiuno kizae nini, sindano?"

Bi Mashavu akainama mpaka sikioni kwa Bi Mwatime. Pumzi yake ilinuka dagaa wa juzi. "Sikiliza, kibibi. Mkunga haliwi. Sawa. Lakini ukimtangaza huyo njiti, kwetu wewe si mkunga tena. Ni kitoweo."

"Kitoweo kabisa," akasema Bi Kazija. Ndilo jambo pekee walilokubaliana siku ile.

Mkia wa Bi Mwatime ukatetemeka. Akamtazama mtoto. "Nyii... nyi..." Sauti ilikuwa inakatika. Tangu azaliwe alikuwa amenyonya mara moja tu. Hawa wawili wakibishana mpaka adhuhuri, mtoto hatafika alasiri. Naye Bi Mwatime akisema kweli hapo mlangoni, ataliwa, na mtoto atakufa vile vile. Nani atakuwa amefaidika? Hakuna.

Akajiuliza: hawa wanajua nini kuhusu uzazi? Wanajua mabakuli. Kwa mzazi wanaona mabakuli yanaingia yamejaa, yanatoka matupu, wakafikiri uzazi ndio huo. Kwamba ndani ya pazia kuna nini, watajulia wapi? Maisha yao yote hawajazaa hata mmoja.

Masharubu yakamcheza. Mkia ukatulia. Hapo sasa! Mkiona masharubu ya mtu mdogo yanacheza, nyie wakubwa tafuteni mlango.

"Jamani wazazi wangu!" akasema, sauti imejaa asali. "Mbona ugomvi? Mmoja ana tumbo, mwingine alilificha, mimi nani hata nibishe? Imebaki kukandwa tu. Atakayekandwa akatulia mpaka mwisho, mbele ya mtaa mzima, huyo nampandia kinu."

Bi Mashavu alitaka kuuliza kukandwa ni nini, akajizuia. Mzazi gani anauliza hilo? "Ehee," akasema. "Kukandwa! Napenda sana kukandwa."

"Mimi ndiyo usiseme," akasema Bi Kazija. "Siku nisipokandwa silali."

"Vizuri. Lakini mtoto hawekwi kwenye mvuke. Amshike nani?" Bi Mwatime akageuka kwa ukali. "Wewe njiti, umekaa bure hapo unalia! Nenda nyuma ya mkeka ukawashikie wakubwa mtoto wao!" Na jicho moja akalikonyeza.

Mize akakata kilio katikati kama kamba.

"Umshike tu," akamwonya Bi Mashavu. "Usimzoee."

Uwanjani penye kinu mtaa ulikuwa umeshajaa, kila mtu na bakuli lake, anangoja tangazo. Harufu ya kichwa cha nguru ilikuwa inatembea puani mwa watu bila kupiga hodi. Bi Mwatime akautundika mkeka kama pazia, Mize akaingia nyuma yake na mtoto. Mbele ya mkeka likaletwa karai linafuka moshi, majani yanaelea juu.

Bi Kazija akalichungulia. "Ya nini hayo?"

"Ya kukukandia, bibi."

"Maji?"

"Maji."

"Kwenye manyoya?"

"Kwenye manyoya, kwenye ngozi, mpaka yafike kwenye mfupa. Asubuhi na jioni. Siku arubaini."

Wale waliokuwa wanavutana tangu asubuhi, ghafla wakawa na adabu hujapata kuona.

"Tangulia, shoga," akasema Bi Mashavu.

"Aka! Wewe ndiye mkubwa, nitakutanguliaje?"

"Si uliniambia usipokandwa hulali?"

Watu wakacheka. Bi Kazija akaona haya, akajilaza kifudifudi, meno ameyauma. Bi Mwatime akachovya kitambaa. Niwaibie siri: alikipunga kwanza kikapoa, hakuwa na roho mbaya. Lakini paka na maji, uvuguvugu utamsaidia nini? Akapanda mgongoni, akakitandaza: chwaaa!

"NYAAAAUUU!"

Alipotoka pale hakuna aliyemwona. Walimwona tu alipofika, juu ya ukuta, ameloa chapachapa, mwembamba kama ufagio wa chelewa. Kumbe ukubwa wote ule ulikuwa manyoya!

"Kha kha kha!" Bi Mashavu akacheka mpaka tumbo likacheza. "Basi nimeshinda! Mkunga, panda kinu."

"Hujakandwa, bibi."

"Nikande basi! Mimi si mwoga kama yule." Akafumba macho. Chwaa! Akatetemeka kuanzia pua mpaka ncha ya mkia, kucha zikachimba mchanga, lakini hakukimbia. Mafuta yake yalimsaidia, na harufu ya nguru ikamsaidia zaidi.

Bi Mwatime akachovya tena. Huyu mgumu! Akakimbia juu ya mgongo huo kutoka shingoni mpaka mkiani, mkiani mpaka shingoni, chwaa, chwaa, na bado bibi yupo. Nyuma ya mkeka hakuna sauti. Mtoto hai au maiti? Bi Mwatime hakuthubutu kutazama.

"Sasa mkaja," akasema. Akaleta kitambaa kirefu, akalizungusha lile tumbo mara mbili, kwa shida. "Vuta pumzi, bibi. Ndani. Ndani zaidi. Hapo hapo! Usiitoe."

"Mpaka... lini?" akauliza Bi Mashavu, macho yamemtoka.

"Mpaka arubaini."

"Na... chakula?"

"Chakula kipo." Bi Mwatime akampa bakuli. "Uji. Hauna sukari, una pilipili manga. Kunywa wote."

Bi Mashavu akapiga funda moja. "Hachaa! Hachaa! Hachaa!" Mkaja ukakatika kwa chafya ya nne, pakachaa!, ukampiga jogoo wa jirani. "Mkunga! Huu... hachaa!... huu ni wa leo tu, sivyo? Halafu wananiletea samaki?"

"Samaki?" Bi Mwatime akashika kichwa. "Mzazi na samaki, bibi? Unataka kumuua mtoto kwa chango? Samaki mwiko! Siku arubaini hata kumnusa. Tena hebu nyie wenye mabakuli, rudini nyuma, msimharibie mzazi wangu!"

Mabakuli yakaanza kurudi nyuma. Kichwa cha nguru kikapita puani mwa Bi Mashavu, kikamtazama kwa jicho moja, kikaenda zake.

Hapo akavunjika.

"Si wangu!" akalia. "Mtoto si wangu!"

"Unasemaje, bibi? Watu wa nyuma hawakusikia."

"SI WANGU! Sijazaa! Sijawahi kuzaa! Tumbo hili ni kula tu! Lete nguru!"

Mtaa ukalipuka kwa kicheko. Kule ukutani Bi Kazija akasimamisha masikio. "Ahaa! Mnamsikia? Basi mtoto ni wangu!"

"Karibu, bibi," akasema Bi Mwatime, anachovya kitambaa taratibu. "Maji bado yana moto."

"Aa, a-a! Si wangu! Haki ya Mungu si wangu, nilimkuta kwenye pakacha!"

"Pakacha la nani?"

"La Mize!" Akajiziba mdomo. Umechelewa, shoga.

Bi Mwatime akaenda, akavuta mkeka. Vuuu!

Mize alikuwa amelala ubavu, anakoroma ile ya raha, mrrr, mrrr. Mtoto mweupe amejibandika kwenye titi, anakamua kwa mikono miwili, tumbo limekuwa kama ngoma. Tangu ugomvi uhamie kwenye karai alikuwa ananyonya, na wale mama zake wengine wanamlipia kwa kuloa!

"Na huyo akandwe!" akapiga kelele Bi Kazija. "Mbona sisi tumekandwa?"

"Mimi nilikandwa asubuhi," akasema Mize polepole. Akaifungua kanga.

Mkaja mwekundu ule pale, umefungwa kwa fundo la mkunga, na mwarobaini unanuka kwenye manyoya yake mpaka kwa waliosimama nyuma. Muda wote ulikuwa chini ya kanga, na wale wakubwa hawakuangalia. Nani anamkagua njiti?

Bi Mwatime akapanda juu ya kinu. Mdogo hivyo, lakini siku ile alionekana kama mnara.

"Mtaa una mzazi! Naye ni Mize! Leteni!"

Mabakuli yakaja mbio. Kichwa cha nguru kikatua mbele ya Mize, pu!

"Ngoja!" Bi Mashavu akaruka. "Si ulisema samaki mwiko?"

"Mwiko, bibi yangu," akasema Bi Mwatime, "kwa aliyezaa kwa mdomo."

Bi Mashavu akanyoosha mguu amkamate. Paka arubaini wakakohoa kwa pamoja: "Mkunga haliwi!" Akaurudisha mguu, akaupeleka kwenye bakuli lake la uji. Hachaa!

Siku ya saba mtoto akapewa jina, akaitwa Pilipili Manga. Alikua akawa paka wa kwanza mtaani kumpisha panya njiani, tena kwa "shikamoo, bibi mkunga". Bi Kazija na Bi Mashavu nao, mpaka leo, wakisikia karai linagongwa, wanajificha chini ya kitanda.

Mimi nimemaliza, kilichobaki kafagieni wenyewe, na fundisho ni hili: anayetaka bakuli la mzazi, kwanza avumilie uchungu wake.